Njia ya Kukifikia Kikao: Utafutaji wa Makundi ya Kuacha Pombe nchini Marekani, 1935–1950

Historia ya Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, huandikwa mara nyingi kwa kuwafuata waasisi wake wawili na mafundisho yao. Mkabala huo huacha kando swali lililomkabili kila mlevi wa Marekani aliyetaka kuacha pombe katika miaka ya 1930: angekipataje kikao chenyewe? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba njia ya kukifikia kikao ilibadilika kabisa kati ya mwaka 1935 na 1950, na kwamba mabadiliko hayo, kuliko mafundisho, ndiyo yaliyoamua nani aingie na nani abaki nje. Neno “mlevi” linatumika ingawa katika Kiswahili limebeba shutuma. Wanachama walijiita hivyo kwa kusudi, na kulibadilisha kungeficha uzito wa mtu kujitaja kwa jina hilo mbele ya wenzake.

Mwanzoni hapakuwa na kikao cha kutafutwa. Mei 1935, William Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York aliyekuwa na miezi mitano tangu aache pombe, alikwama mjini Akron, Ohio, baada ya shughuli yake kuharibika. Katika ukumbi wa Hoteli ya Mayflower palikuwa na baa upande mmoja na orodha ya makanisa upande mwingine. Alishika simu, akampata mchungaji Walter Tunks, na kutoka jina hadi jina akamfikia Henrietta Seiberling, aliyemkutanisha na daktari Robert Smith tarehe 12 Mei. Smith alikuwa amekubali kukaa robo saa tu, lakini mazungumzo yakaendelea hadi usiku. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba aliyekuwa akitafuta ni yule asiyekunywa. Wilson alimhitaji mlevi mwenzake ili yeye mwenyewe asirudie chupa.

Mwelekeo huo ndio uliotawala miaka minne iliyofuata. Mjini Akron, mgeni kwa kawaida alilazwa kwanza hospitalini, akatembelewa kitandani na wanachama, kisha akapelekwa kwenye kikao cha Jumatano nyumbani kwa T. Henry Williams, chini ya mwavuli wa Oxford Group. Brooklyn walikutana Jumanne nyumbani kwa Wilson, Mtaa wa Clinton namba 182. Mtu hakujiendea, alichukuliwa. Hata kitabu cha chama kilichotolewa Aprili 1939 kiliwaelekeza wanachama wawatafute walevi kupitia madaktari, wachungaji na hospitali. Dibaji yake ilieleza kwamba majina yao yalifichwa kwa kuwa walikuwa wachache mno kuweza kuitikia maombi yote ambayo yangewafikia. Usiri, ambao baadaye ulipewa maana ya kiroho, ulianza kwa sehemu kama kinga dhidi ya kuzidiwa.

Kinga hiyo ilivunjwa na magazeti. Mwishoni mwa mwaka 1939, gazeti la Plain Dealer la Cleveland lilichapisha mfululizo wa makala za Elrick Davis, na kundi dogo lililokuwa limejitenga na Akron miezi michache tu kabla likajikuta likipokea mamia ya watu. Wanachama wenye majuma machache ya kutokunywa walikabidhiwa wageni wa kuwalea. Huo ulikuwa ulezi wa dharura, wala hakuna sababu ya kuupamba, lakini ulionyesha kwamba kikao kingeweza kukua bila kuwategemea waasisi. Tarehe 1 Machi 1941 ikafuata makala ya Jack Alexander katika Saturday Evening Post. Wanachama walikadiriwa kuwa 2,000 mwaka ulipoanza, na 8,000 ulipokwisha. Barua zilimiminika katika ofisi ndogo ya New York, ambako katibu Ruth Hock na wasaidizi wake walizijibu na kuwaelekeza waandishi wake kwenye kundi lililo karibu. Pale ambapo hapakuwa na kundi, majina yalikabidhiwa wanachama waliosafiri kikazi, wakiwemo wachuuzi, ili wapitie kuwaona.

Kuanzia hapo mtafutaji alikuwa mlevi, naye kikao kikalazimika kuamua kimpokee nani. Makundi yalijiwekea masharti ya uanachama. Wilson alisimulia baadaye kwamba ofisi ilipoyakusanya masharti hayo yote iligundua kuwa, kama yangetumika kwa pamoja, hakuna ambaye angeweza kujiunga. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, ingawa hakikuwachekesha waliokuwa wamefungiwa nje. Wamarekani Weusi hawakuwa na uhakika wa kupokewa, na mwaka 1945 baadhi yao walianzisha makundi yao wenyewe, likiwemo la Washington.

Kanuni iliyochapishwa na jarida la Grapevine mwaka 1946 na kupitishwa Cleveland mwaka 1950 ilifuta masharti yote isipokuwa nia ya kuacha kunywa. Kimaandishi, bawabu aliondolewa mlangoni. Hata hivyo kanuni iliyoliachia kila kundi mamlaka juu ya mambo yake ilipitishwa siku ileile, na ofisi ya New York haikupewa uwezo wa kulilazimisha kundi lolote limfungulie mgeni liliyemkataa.