Ukuta wa sebule: tablo na kazi ya mshahara mjini Lubumbashi

Historia ya uchoraji mjini Lubumbashi huanzishwa mara nyingi na mwaka 1946, wakati Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Mwanzo huo una sababu zake. Humo walitokea Pilipili Mulongoy, pamoja na ndege na samaki wake. Mwenze Kibwanga, aliyejaza picha zake mistari mifupi iliyosongamana. Na Bela, mtu wa upande wa Chad aliyekuwa mtumishi wa nyumbani wa Romain-Desfossés kabla ya kuanza kupaka rangi kwa ncha za vidole. Kazi zao zilionyeshwa Ulaya, na hapa mjini wanunuzi wake walikuwa hasa Wazungu. Lakini historia inayofuata njia hiyo peke yake huacha swali moja bila jibu: mfanyakazi wa Union Minière, aliporudi kambini jioni, aliona picha wapi?

Aliziona kwake, na kwa jirani yake. Katika miaka ya 1960 na 1970 palizuka mjini Lubumbashi, Likasi na Kolwezi uchoraji ambao haukuhitaji jumba la maonyesho. Wachoraji walikuwa vijana wa mjini, wengi wao wakijifundisha wenyewe au wakijifunza kwa mwenzao. Walichora juu ya magunia ya unga yaliyofuliwa na kukazwa kwenye fremu ya mbao, kwa rangi za dukani, kisha tablo ikapelekwa mlango kwa mlango au ikatembezwa barabarani. Mnunuzi alikuwa mtu wa mshahara: mfanyakazi wa mgodi, karani, mwalimu, fundi wa reli. Alinunua moja, pengine mbili, akazitundika sebuleni karibu na picha za studio za ndoa na ubatizo.

Mambo yaliyochorwa hayakuwa mengi, nayo yalirudiwarudiwa. Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, alipendwa kuliko wote; aliahidi mali kwa yule atakayetunza siri. Nyingine ni ile iitwayo Colonie belge: ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji, askari na fimbo, mfungwa aliyelazwa chini. Mwanahistoria wa sanaa aliyezoea kutafuta upekee wa kila kazi huona marudio hayo kuwa udhaifu. Huo ni upimaji wa haraka mno. Mnunuzi hakutafuta picha ambayo hakuna mwingine anayo. Alitaka ile ambayo mgeni wake ataitambua mara aingiapo.

Hapo ndipo lugha inapotoa msaada. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliochunguza tablo hizo na kuchapisha makala juu yake mwaka 1976, waliona kwamba neno ukumbusho lilirudi tena na tena vinywani mwa wachoraji na wanunuzi. Inafaa kulitazama neno hilo kwa makini. Halikutoka moja kwa moja katika kitenzi kukumbuka, ambacho mtu hukitenda peke yake, moyoni. Limetoka katika kukumbusha, yaani kumfanya mwingine akumbuke, na kwa hiyo linadai watu wawili. Ukumbusho ulioko ukutani haujakamilika mpaka mgeni aketi, aulize, na mwenye nyumba aanze kueleza: huyu ni nani, jambo hili lilitukia wapi, baba yake mwenyewe alikuwa upande gani. Maonyesho yalifanyika saa za baada ya kazi, na msemaji wake alikuwa mwenye nyumba.

Ukweli huo unasaidia kuelewa kazi ya Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini Elisabethville mwaka 1947. Tshibumba aliuza picha kama wenzake, akilisha jamaa yake kwa malipo madogo, lakini alijihesabu pia kuwa mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974, alipompata Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi, aliweza kwa mara ya kwanza kupanga historia ya nchi katika mfuatano mmoja wa tablo zaidi ya 100. Mojawapo ni mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière waliogoma, waliopigwa risasi uwanjani Desemba 1941. Hakuna sebule ambayo ingenunua mfuatano wote. Mfanyakazi alinunua tukio moja, akabaki nalo. Mchoraji alibeba mengine kichwani.

Ukuta wa sebule ulitegemea mshahara, na mshahara ulipoyumba ukuta nao uliyumba. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vilitia hofu mijini. Habari za Tshibumba mwenyewe zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka hiyo. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, na mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 40,000. Katikati ya anguko hilo, mnamo 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Shaba kwa mamia ya maelfu. Wengi walikuwa watu wa mshahara, yaani wenye sebule. Na Tshibumba alikuwa mtoto wa jamaa iliyotoka Kasai. Familia iliyosubiri garimoshi kwa majuma katika stesheni ilibeba masufuria na magodoro. Si vigumu kukisia tablo ilikuwa na nafasi gani katika mzigo huo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuondoka kwa malipo, na kizazi cha wanunuzi kikawa kimekwisha.

Walioanza upya walianza na kamera. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitoa mwaka 2006 mfululizo uitwao Mémoire, ambamo wafanyakazi wa picha za zamani, kwa rangi nyeusi na nyeupe, wanasimama juu ya magofu ya viwanda yaliyopigwa kwa rangi za leo. Mwaka 2008 yeye na Patrick Mudekereza walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa maonyesho ya picha mjini, yaliyokua yakawa Biennale ya Lubumbashi, na chama chao kikaitwa Picha, neno la Kiswahili ambalo kila mpita njia analielewa. Tofauti na tablo, hata hivyo, ni kubwa. Mtazamaji hutoka nyumbani kwenda kuiona picha, na maelezo yake hutolewa na mtaalamu au na karatasi iliyobandikwa kando.

Mfuatano wa Tshibumba umehifadhiwa Amsterdam, katika jumba lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023 na sasa Wereldmuseum. Mtu wa Lubumbashi hawezi kuufikia kwa urahisi. Maelezo yake, lakini, yako wazi: mazungumzo ya Tshibumba na Fabian yalinaswa kwenye kanda, yakaandikwa katika Kiswahili cha Shaba kama yalivyosemwa, na kuwekwa kwenye intaneti mwaka 1998 katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu. Mwenye kuyasoma hukuta mchoraji akifanya vilevile kama mwenye nyumba mbele ya mgeni: anaonyesha kwa kidole, anataja jina na mwaka, anasita, anarudi nyuma, kisha anauliza kama msikilizaji ameelewa.