Methadoni kwa Waraibu wa Heroini: Hukumu na Matumizi Yake

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake.

Pwani ya Mtwara, toka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, iko kwenye njia ya bahari inayopitishiwa heroini kutoka Asia. Mwaka 2012, mkoa jirani wa Lindi, zilikamatwa zaidi ya kilo 200 kwa mkupuo mmoja. Wazazi huuliza: je, yafaa kijana kutibiwa kwa methadoni, ilhali nayo ni katika jamii ya afyuni?

Methadoni ni nini?

Ni dawa ya kunywa, inayotolewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto kwa takriban saa 24, na mwenye kupimiwa kipimo sahihi halewi. Huweza kufanya kazi na kuswali. Humwepusha pia na sindano za kuchangia, zinazoeneza VVU na homa ya ini. Huduma ilianza Muhimbili Februari 2011, na Zanzibar mwaka 2015. Kliniki za serikali huitoa bure.

Hukumu yake

Heroini ni haramu bila shaka, kwa Aya ya khamr (Al-Maida 5:90) na Hadithi ya Ummu Salama iliyokataza kila chenye kulevya na kulegeza (Abu Dawud). Methadoni ya kujistarehesha nayo ni haramu.

Wapo wanaopinga kwa Hadithi ya Muslim isemayo kuwa khamr si dawa bali ni ugonjwa. Jibu: hapo muulizaji alitaka kutengeneza kileo. Methadoni hupewa mgonjwa kwa kipimo kisicholevya, ili kumtoa kwenye ulevi. Allah amekataza kujiangamiza (Al-Baqara 2:195), na kanuni ya fiqhi ni kuchagua dhara nyepesi ili kuepuka iliyo kubwa zaidi. Basi inajuzu kwa masharti: iamriwe na daktari, isizidishwe, isiuzwe.

Swala na saumu

Swala yake ni sahihi maadamu akili yake ipo. Kuinywa mchana kunafunguza. Basi kabla ya Ramadhani amwombe daktari ahamishie dozi usiku. Isipowezekana, ana ruhusa ya mgonjwa (2:184-185). Asiache dawa kwa kujiamulia.

Tahadhari kwa familia

Msimfungie ndani mkidhani unga utamtoka. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili hupoteza uzoefu. Akirudia kipimo cha zamani anaweza kufa. Kuchanganya methadoni na pombe au vidonge vya usingizi nako huua, kwa kuzuia pumzi.

Anzieni hospitali ya wilaya au ya mkoa, Ligula kwa mfano, muelekezwe kliniki iliyo karibu.

Wajibu wa msikiti

Dawa ni bure, lakini nauli ya kila siku si bure. Mraibu fakiri anastahiki zaka na sadaka. Bora alipiwe nauli au chakula kuliko kupewa fedha mkononi. Wala asiitwe teja msikitini. Mtume (s.a.w.) alikataza kumlaani mtu aliyeadhibiwa mara nyingi kwa ulevi, akashuhudia kuwa anampenda Allah na Mtume Wake (Bukhari).

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.