Mkulima, Bunduki na Mpanda Farasi: Picha Zilizoiumba Minnesota

Muhuri wa jimbo la Minnesota uliotumika tangu 1858 hadi 2024 ulimweka mkulima mzungu mbele, akiikamata plau. Bunduki na shoka lake viko karibu naye kwenye kisiki. Nyuma yake mwenyeji wa asili anaondoka juu ya farasi, na jua liko upeo wa magharibi. Mbali zaidi yanaonekana maporomoko ya St. Anthony, juu kidogo ya mahali Mto Mississippi unapoupita mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis.

Mchoro wa awali, wa 1849, ulitoka mkononi mwa Seth Eastman, mwanajeshi aliyewahi kuiongoza ngome ya Fort Snelling. Mwaka huo sehemu kubwa ya kusini mwa Minnesota, magharibi ya mto, bado ilikuwa ya Wadakota kisheria. Ardhi hiyo ilichukuliwa kwa mikataba ya 1851. Basi picha iliutangulia mkataba: ilimwonyesha mwenyeji akienda zake kwa hiari, kama vile jua linavyotua. Baada ya vita vya 1862 kati ya Wadakota na Marekani, Wadakota 38 walinyongwa Mankato kwa siku moja, tarehe 26 Desemba, na waliobaki wakafukuzwa jimboni kwa sheria.

Eastman aliwajua watu hao kwa karibu mno. Alizaa binti na mwanamke wa Kidakota, na binti huyo ndiye mama wa Charles Eastman, daktari na mwandishi maarufu, aliyezaliwa 1858, mwaka uleule Minnesota ilipofanywa jimbo. Vita vilipozuka, mtoto huyo wa miaka minne alikimbizwa na jamaa zake hadi Kanada. Mpanda farasi wa muhuri angeweza kuwa damu ya mchoraji mwenyewe.

Mwaka 1905 mchoraji Douglas Volk alimchora Padri Hennepin akiwa wima mbele ya maporomoko hayo ya St. Anthony, msalaba juu, wenyeji wakimtazama kutoka chini. Kwa kweli, mwaka 1680 Hennepin alifika pale akiwa mateka wa Wadakota, nao walikuwa na jina lao la maporomoko hayo tangu zamani, Owámniyomni. Sisi tuliosomeshwa kwamba Rebmann aliugundua Kilimanjaro mwaka 1848, hali Wachaga wakilima migomba mteremkoni, habari hii tunaijua vizuri. Mwenzake Volk, Francis Millet, aliuchora mkataba wa Traverse des Sioux, mmoja wa ile ya 1851, kama baraza la heshima. Hakuionyesha karatasi ya pili waliyosainishwa machifu palepale, iliyozielekeza fedha zao kwa wafanyabiashara waliodai kuwadai. Kwa zaidi ya miaka mia moja magavana walipokea wageni chini ya picha hizo mbili.

Hadithi hiyo ya mahali patupu ilijirudia Cedar-Riverside, mtaa uliojazwa kwanza na Waskandinavia. Katika miaka ya 1970 wapanga mipango ya mji waliuchora upya mtaa kwa ajili ya watu wapatao 30,000, kana kwamba nyumba za zamani na wenyewe hawakuwapo. Wakazi walikwenda mahakamani, mpango ukakwama. Kilichosimama ni awamu ya kwanza tu, maghorofa ya Ralph Rapson yenye paneli za rangi, yaliyofunguliwa 1973. Tangu miaka ya 1990 humo wamekaa Wasomali wengi, wakiwamo waliopitia Kenya na wanaozungumza Kiswahili.

Muhuri na bendera mpya vilipoanza kutumika tarehe 11 Mei 2024, bila mkulima wala mpanda farasi, wapinzani walidai kwamba bendera imeigwa kutoka Somalia. Bendera hiyo ilitokana na mchoro wa Andrew Prekker, wa mji wa Luverne, Minnesota. Dai la wapinzani ni hadithi ileile ya muhuri wa zamani iliyogeuzwa: mlowezi sasa anajiona mwenyeji anayevamiwa. Ni uzushi, na unawaumiza majirani zetu.

Picha za Volk na Millet hazikuchomwa. Zilitolewa katika ukumbi wa gavana wakati jengo la Bunge la jimbo lilipokarabatiwa, ukarabati uliokamilika 2017, zikapelekwa ghorofa ya tatu pamoja na maelezo. Kutoka kituo cha West Bank, treni ya Green Line inafika hadi Capitol/Rice Street, na kuingia jengoni ni bure. Wazazi wa Cedar-Riverside, wapelekeni watoto wakazitazame, na muwasomee maelezo yake kwanza.