Sarufi Itangulie au Kusoma? Khabari ya Kiingereza katika Bengal

Watu wengi hudhani kwamba Kiingereza kilisomeshwa kila nchi kwa njia moja tu, nayo ni mwalimu, fimbo na kitabu cha sarufi. Haikuwa hivyo. Walimu walishindana sana juu ya lipi litangulie, kanuni za lugha au kusoma kwenyewe, na mahali mojawapo ambapo jambo hili lilipimwa kwa uangalifu ni Bengal, katika Bara Hindi, nchi yenye Waislamu wengi mno. Nimeichagua khabari hiyo kwa kuwa shida za watu wale zinafanana na zetu sisi wa Uganda.

Zamani za wafalme wa Moghul, lugha ya mahakama na daftari za serikali huko ilikuwa Kiajemi. Mwislamu aliyekijua pamoja na Kiarabu aliweza kuwa kadhi, karani au wakili. Mwaka 1835 Macaulay, mjumbe wa baraza la Gavana Mkuu, aliandika waraka akitaka fedha za serikali zitumike kwa elimu ya Kiingereza. Na mwaka 1837 ikatolewa sheria ya kukiondoa Kiajemi katika mahakama. Kiingereza kikashika mabaraza ya juu, na lugha za wenyeji zikashika ya chini. Mtu aliyekuwa mwanachuoni jana, leo akalazimika kumtafuta kijana wa kumsomea hati yake mwenyewe.

Waislamu wengi walijitenga na shule mpya. Baadhi yao walichelea dini ya watoto wao, baadhi walizuiwa na umaskini, na wengine walikuwa na uchungu wa dola iliyowapotea. Mimi siwalaumu upesi, maana hata hapa Uganda shule za kwanza zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na wazazi wetu walikuwa na khofu ile ile. Lakini walikuwako waliotahadharisha. Mwaka 1863 Nawab Abdul Latif alianzisha mjini Calcutta jumuiya ya Waislamu ya kujadili elimu, na mwaka 1875 Sayyid Ahmad Khan akafungua shule ya Aligarh.

Basi, aliyeingia shuleni alikuta nini? Chuo Kikuu cha Calcutta kiliundwa mwaka 1857, na mtihani wake wa kuingilia ukatawala shule zote zilizokuwa chini yake. Mwanafunzi alihifadhi aina za maneno, akachambua sentensi neno kwa neno, tena akapewa mashairi ya Kiingereza yenye maneno ambayo hatayakuta popote maishani mwake. Sisi tuliokaa chuoni twalifahamu jambo hili. Yuko mwanafunzi aisomaye Ajurrumiyya ya Ibn Ajurrum wa Fas, aliyefariki mwaka 1323, akakutajia milango ya irabu bila kukosea, nawe ukimpa barua ya Kiarabu hawezi kukueleza mwandishi ataka nini. Sisemi hivyo kwa kuidharau Ajurrumiyya, kwani mimi mwenyewe naisomesha.

Katika hali hiyo alitokea Mwingereza mmoja, Michael West, mkuu wa chuo cha walimu mjini Dacca, ambao leo huandikwa Dhaka nao ni mji mkuu wa Bangladesh. Yeye hakuanza kwa kuuliza Kiingereza kizuri ni kipi. Aliuliza: mtoto huyu ataacha shule lini, na siku hiyo atatoka na nini? Maana aliona kwamba wengi huondoka kabla ya kumaliza. Mfano wake aliutoa katika biashara ya bima: mtu akivunja mkataba kabla ya muda wake, kiasi gani anarudishiwa mkononi? Aliyesoma kanuni miaka mitatu akaondoka, harudishiwi kitu, kwa kuwa kanuni zilikuwa msingi wa nyumba ambayo haikujengwa. Lakini aliyefundishwa kusoma na kufahamu, ijapokuwa kidogo, kidogo hicho ni chake.

Mwaka 1926 West alitoa kitabu juu ya watu wa Bengal na lugha zao mbili, kisha vikafuata vitabu vyake vya kusomea. Ufundi wake ulikuwa huu: maneno mapya yaliletwa machache machache, na kila moja likarudiwa mara nyingi kabla ya kuletwa jingine; maneno ya nadra akayaondoa. Mwaka 1935 alitoa, pamoja na mwenziwe Endicott, kamusi iliyoeleza maneno na misemo ipatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Orodha yake ya maneno 2,000 hivi yatumikayo zaidi ilitoka mwaka 1953.

Hakukosa wapinzani. Harold Palmer, aliyekuwa Tokyo tangu mwaka 1922, alishika kwamba ulimi ndio utangulie. Kwa mtu wa bandarini au wa dukani naona Palmer ana haki. Lakini mtoto wa kijijini ambaye hana wa kuzungumza naye Kiingereza, kitabu ndicho mzungumzaji wake. Na sarufi ina mahali pake, baada ya mtoto kuwa na maneno ya kuyatia katika kanuni hizo.

Hapa kwetu mwana wa mfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake ya Kibuli kwa msikiti na shule, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, husomesha kwa Kiingereza. Ile khofu ya zamani imekwisha. Lakini kwa mpango ulioanza mwaka 2007, mtoto husomeshwa kwa lugha ya kwao hadi darasa la tatu, na katika la nne ndipo huanza kuhamia Kiingereza. Mpango huo naukubali. Ila wako wanaoacha shule katika darasa hilo hilo la nne, na hao ndio niwakumbukao kila nisomapo khabari ya Dacca.