Ujumbe 53: simu ya mkononi na bomba la maji kijijini

Wazo la kuripoti bomba bovu kwa simu lilishika kasi Tanzania mwishoni mwa miaka ya 2000, simu za mkononi zilipokwisha kufika hata vijiji visivyo na barabara ya lami. Kabla yake kulikuwa na ramani. Shirika la WaterAid lilianza kuorodhesha vituo vya kuchotea maji kimoja kimoja, kisha Wizara ya Maji ikaifanya kazi hiyo nchi nzima. Vituo vilivyoorodheshwa vilizidi 60,000, na karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji. Tatizo ni kwamba ramani huchakaa: pampu iliyokutwa nzima leo huweza kufa wiki ijayo, na aliyeihesabu keshaondoka.

Pengo hilo ndilo lililoshughulikiwa na Daraja, asasi ya kiraia iliyokuwa Njombe, kupitia mradi wa Maji Matone. Mwananchi angetuma SMS, Daraja ingeifikisha kwa mhandisi wa maji wa wilaya, nazo redio zingetangaza kilichoripotiwa ili ofisi husika isikae kimya. Ulilengwa ujumbe 3,000. Miezi sita ya majaribio katika wilaya tatu ilileta ujumbe 53 tu uliofaa kupelekwa serikalini. Mwaka 2011 Daraja ikausimamisha mradi na kutamka hadharani kwamba umeshindwa. Ulikuwa ujasiri wa kupigiwa mfano, kwani miradi mingi hufa kimyakimya na mafunzo yake yakafa nayo.

Sababu zilionekana palepale bombani. Wanaobeba ndoo ni wanawake na watoto, ilhali simu mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Mtandao nao ulisumbua. Zito zaidi ni kwamba watu waliokwisha kulalamika kwa mwenyekiti, kwa diwani na wilayani bila kujibiwa hawakuona kwa nini SMS ndiyo isikilizwe. Walikuwa na haki ya kutilia shaka.

Badala ya kumtegemea kila mwananchi, mradi wa utafiti wa SEMA, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Twente cha Uholanzi, uliwageukia watu wa jumuiya za watumia maji, ambao kuripoti ni sehemu ya wajibu wao.

Mwaka 2019 sheria mbili zilibadili mazingira. Moja ilianzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na hivyo mwenye dhamana ya bomba akajulikana waziwazi. Nyingine, Sheria ya Serikali Mtandao, iliipa nguvu mamlaka iliyokuja kutengeneza e-Mrejesho, mfumo unaopokea malalamiko, maulizo, mapendekezo na pongezi kwa taasisi za umma. Mwenye simu ya kitochi huingia kwa *152*00# bila intaneti, na aliyetuma lalamiko anaweza kufuatilia limefikia wapi, jambo ambalo SMS za mwanzo hazikuweza kumpa.