Ajali barabarani: majeruhi anafikaje hospitali?



Kuna kijana wa boda aligongwa Ihumwa mbele ya macho yangu. Tulijaa kama watu ishirini. Wanne tukamshika, wawili mikono, wawili miguu, tukambeba msobemsobe hadi kwenye bajaji, tukamkunja kiti cha nyuma. Tulijiona tumesaidia kweli! Baadaye nikaja kusoma kwamba kama uti wa mgongo ungekuwa umeumia, sisi ndio tungemmalizia. Bahati yake alipona.

Ndivyo ilivyo kwetu. Anayemfikia majeruhi kwanza sio daktari, ni konda, muuza karanga, dereva wa kirikuu. Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260, malori na mabasi usiku na mchana, na hospitali za rufaa ziko mjini, mwanzo na mwisho wa safari. Sokoine alifariki kwa ajali njia hiihii, Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma. Huyo ni Waziri Mkuu mwenye msafara, sembuse mimi na wewe.

Sasa ufanyeje? Kwanza usigongwe na wewe: kata matawi, weka barabarani pande zote mbili, mbali kidogo. Zima injini ya gari. Mafuta yakimwagika ondokeni, hakuna kuchota. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililipuka, wakafa watu zaidi ya 100.

Damu inayobubujika inaua ndani ya dakika chache. Kunja kanga au tisheti safi, kandamiza palepale kwa nguvu, usiachie kila saa kuchungulia. Glavu huna? Vaa hata mfuko wa mkate. Aliyezimia lakini anapumua mlaze ubavu, kichwa na mwili vigeuke pamoja, asije akapaliwa na damu au matapishi. Helmeti iache kama anapumua vizuri. Maji ya kunywa hapana, jamani, maana kila ajali lazima atokee mtu na chupa yake! Kama hakuna moto wala hatari nyingine, usimhamishe mpaka upatikane usafiri, halafu mbebeni juu ya ubao au mlango, mmoja kazi yake kushika kichwa tu.

Na PF3 isikucheleweshe. Ile ni karatasi ya polisi, sio dawa, na serikali imesharudia kusema majeruhi atibiwe kwanza. Polisi ni 112, zimamoto 114.

Kinachoniuma ni kwamba njia ipo. Mfumo wa m-mama ulizinduliwa kitaifa 2022. Unapiga 115 bure, ambulansi ikikosekana anaitwa dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Ila ulijengwa kwa ajili ya wajawazito, waliotoka kujifungua na vichanga. Kwa nini dereva huyohuyo asifundishwe, akambeba na majeruhi wa Mbande au Kibaigwa? Kampala walishajaribu kufundisha watu wa kawaida: polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa 307, kozi ya siku moja tu, matokeo yakatoka 2009. Miezi sita baadaye wengi walikuwa wameshaitumia kwa majeruhi kweli.

Mwenye kujua kijiwe chochote cha boda hapa Dodoma kilichofundishwa huduma ya kwanza akitaje hapo chini, nimfuate mwenyekiti wao.