Lakabu

Lakabu, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni jina ambalo mtu hupewa au hujipa juu ya lile la kuzaliwa. Na malenga wetu waliliheshimu, kama Andanenga, Sauti ya Kiza, ambaye kwa lakabu hiyo hakujificha bali alijulikana zaidi. Lakini kijana wa Bumbuli, ambaye sokoni hawezi kutamka neno la ufedhuli asiulizwe ni mwana wa nani, akishika simu hujitwalia jina la kubuni akawatukana hata watu wa makamo ya babu yake, akidhani kuwa jina likibadilika dhima nayo huondoka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 humwadhibu mwenye kujifanya mtu mwingine. Ama mwenye jina lisilo la mtu yeyote, kadhi wake wa kwanza ni dhamiri yake.